Spika za dola 9,000 kwa chumba cha Malindi: pesa inakwenda wapi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Kijana wangu yuko Maskati, ameona jozi ya spika za kusimama chini kwa dola 9,000. Kijarida cha kampuni kinasema zinatoa masafa ya hezi 20 mpaka 40,000, twita ni ya almasi, unyeti ni desibeli 88, na ni spika za omu 4, kwa maandishi madogo chini wameandika "kiwango cha chini omu 2.6". Muuzaji anataka tuongeze waya wa dola 1,200, na anasema spika zitafunguka vizuri baada ya saa 400. Chumba changu ni cha mawe, upana mita 3, urefu mita 8, dari mita 4. Nasikiliza taarab asilia na kisomo cha Qur'ani. Amplifaya yangu ni ya wati 50. Pesa ni ya kiinua mgongo. Je, bei hii ni ya haki?

Jibu: Wa alaykum salaam Mwalimu. Nashukuru umeandika vipimo vya chumba na yale maandishi madogo, kwa sababu wengi hunitajia jina la kampuni na bei, basi. Kwa uliyoyaandika naweza kukushauri hata kabla ya kuzisikia hizo spika. Sisemi wanakuibia. Ninachosema ni kwamba bei haipimi sauti, madai mengi ya hicho kijarida hayana uzito mpaka yaandikwe na masharti yake, na chumba chako kitaiamua besi kuliko kampuni yoyote.

Tuanze na pesa. Ukiifungua spika ya bei kubwa utakuta kasha, koni za besi na za kati, twita ya kutoa sauti nyembamba, krosova inayogawa sauti nene na nyembamba, na vishikio vya waya. Makampuni mengi, pamoja na yenye majina makubwa, hayatengenezi koni zao. Wanazinunua kwa mafundi wa koni kama Scan-Speak wa Denmark, SEAS wa Norway, Accuton wa Ujerumani au SB Acoustics wa Indonesia, na koni hizo hizo wewe na mimi tunaweza kuziagiza mojamoja. Twita ya hali ya juu ya Scan-Speak ni dola mia kadhaa. Twita za SB Acoustics zinazopimika safi zinapatikana chini ya dola 100. Kwa hiyo vitu vinavyotoa sauti mara nyingi ni sehemu ndogo ya bei. Kubwa zaidi ni kasha na rangi yake, mishahara, usafiri wa mzigo mzito, matangazo, na fungu la muuzaji wa dukani, ambalo katika biashara hii mara nyingi ni kati ya theluthi na nusu ya bei unayolipa.

Gharama hizo ni za kweli. Spika ya Magico M9, iliyotangazwa mwaka 2020 kwa dola 750,000 jozi, ina uzito wa zaidi ya kilo 450 kila moja, na kazi ya kuunda kasha la namna hiyo haiwezi kuwa rahisi. Kampuni inayouza jozi chache kwa mwaka lazima igawe gharama ya utafiti wake kwa wanunuzi hao wachache. Mwenye pesa za kuchezea, akapenda umbo na kazi ya mkono, anunue kwa furaha. Lakini wewe unatoa kiinua mgongo, na kiinua mgongo hakitoki mara mbili. Kwa hiyo kila dola tuiulize inafanya nini masikioni mwako.

Tukitaka kujua spika ni nzuri kwa kiasi gani, njia ipo na si siri. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, alianza kazi hii katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, baadaye akaiendeleza na Sean Olive katika kampuni ya Harman, Marekani. Waliweka spika nyuma ya pazia, wakasawazisha ukubwa wa sauti, wakawaachia watu watoe alama bila kuona. Mwaka 1994 walitoa matokeo ya jaribio la watu 40 na spika nne. Watu walipoziona spika, zile kubwa za kuvutia zilipandishwa alama, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka ilhali nyuma ya pazia ilikuwa imejitetea vizuri. Na hao 40 walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti, watu wanaoijua kazi. Mwaka 2004 Olive alilinganisha vipimo vya maabara vya spika 70 na alama za wasikilizaji wasioziona, na vipimo vikatabiri alama kwa uwiano wa 0.86, ambapo 1 ni utabiri kamili. Watu walipenda spika ambayo mstari wa grafu ya sauti yake ya mbele umenyooka, na sauti inayotoka pembeni ikafanana na ya mbele bila mabonde na milima. Besi peke yake ilibeba karibu asilimia 30 ya hukumu.

Kwa hiyo kampuni inayouza spika kwa dola 9,000 ina uwezo kabisa wa kupima spika yake pande zote na kukuonyesha grafu. Kanuni ya kuzichora grafu hizo ipo, inaitwa CTA-2034, na mashine za kupimia zipo. Genelec wa Finland na Neumann wa Ujerumani huweka grafu za spika zao za studio mbele ya kila mtu, na nyingi kati ya hizo zina bei ndogo kuliko hii. Asiyeonyesha chochote isipokuwa maneno matamu, mimi huchukulia kwamba ameamua usijue.

Sasa kijarida chenyewe. Hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde: chache ni sauti nene, nyingi ni nyembamba. "Hezi 20 mpaka 40,000" bila kuandika sauti imeruhusiwa kushuka desibeli ngapi kwenye ncha hizo ni sentensi isiyokamilika. Nakupa mfano wa spika halisi. KEF LS50 Meta, spika ndogo ya rafuni iliyotoka 2020 kwa karibu dola 1,500 jozi, kampuni yenyewe imeiandika namna mbili: kuanzia hezi 79 ukiruhusu kupanda na kushuka kwa desibeli 3, na kuanzia hezi 47 ukiruhusu ishuke desibeli 6. Spika ni moja, kasha ni moja, na tofauti ni karibu hezi 32! Ukiruhusu kushuka desibeli 10 au 15, namba itazidi kushuka, na mtu atauza "hezi 20" bila kusema uongo wa moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba ukishuka oktava moja, kutoka 40 mpaka 20, kwa sauti ya ukubwa ule ule, lazima usukume hewa mara nne zaidi. Wahandisi wana kanuni wanayoiita sheria ya chuma ya Hofmann: kasha dogo, besi ya chini, na unyeti mkubwa (yaani sauti kubwa kwa umeme mdogo), huwezi kuvipata vyote vitatu. Kijarida kinachoahidi vyote vitatu ndicho unachopaswa kukihoji.

Yale maandishi madogo ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote, kwa sababu hapo kampuni imejishika yenyewe. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60268-5 inasema ukinzani wa spika, yaani kiasi inavyouzuia umeme, ambacho hupimwa kwa omu, haupaswi kushuka chini ya asilimia 80 ya ule uliotangazwa. Asilimia 80 ya omu 4 ni 3.2. Wao wanashuka mpaka 2.6, basi kwa kanuni hiyo hii ni spika ya omu 3. Si wao peke yao: hiyo LS50 niliyoitaja imeandikwa omu 8 na kiwango chake cha chini ni 3.5. Ni tabia ya soko zima. Lakini kwako wewe ina athari, kwa sababu amplifaya ya wati 50 aghalabu imeandikwa wati hizo kwa omu 8. Geuza nyuma ya mashine yako usome pale penye vishikio vya spika. Ikiwa imeandikwa "8" peke yake, au "6 mpaka 16", spika ya omu 2.6 itaivuta umeme kuliko ilivyoundwa kutoa. Itapata moto, itajizima, au mbaya zaidi, itakata vilele vya sauti pale mwimbaji anapopandisha, nawe utadhani ni kasoro ya rekodi.

Na hapo hapo angalia desibeli 88. Karibu kila kampuni hupima unyeti kwa volti 2.83 kwa umbali wa mita moja. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2, na kwenye 2.6 ni zaidi ya wati 3. Kwa hiyo ukiihesabu kwa wati moja, 88 yao ni 85 katika omu 4, na pale inaposhuka 2.6 ni kama 83. Hakuna aliyedanganya, lakini msomaji wa kijarida ataona 88 na kuiweka mbele ya spika ya omu 8 yenye 87, kumbe ile ya 87 ndiyo isiyoisumbua sana amplifaya.

Twita ya almasi: muulize muuzaji kama kuba lake (kile kipande cha mviringo kinachotoa sauti) lote ni almasi, au ni kuba la alumini lililopakwa utando mgumu wa kaboni unaofanana na almasi. Kuba kamili la almasi hukuzwa kwa gesi katika maabara, na jozi ya twita hizo peke yake hununuliwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo katika spika kubwa ya dola 9,000 jozi nina shaka. Utando si kitu kibaya, ila usiulipie bei ya almasi. Na hata almasi halisi, faida yake kubwa ni kwamba kuba halianzi kutetemeka ovyo lenyewe mpaka mbali sana juu ya hezi 20,000. Kuba zuri la alumini huanza kutetemeka hivyo kwenye 25,000 au 30,000. Sikio la kijana hukoma karibu na 20,000, na kwa sisi tuliovuka miaka 60 mengi ya juu ya 12,000 yameshatutoka. Sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilikamata masafa mpaka kama 5,000 au 6,000 tu, na bado sauti ya yule bibi inamtoa mtu machozi. Kwa muziki unaousikiliza wewe, uzuri uko kati ya 100 na 5,000: sauti ya mwimbaji, fidla, udi, vidole kwenye nyuzi za kanuni. Hapo ndipo spika inapopaswa kuwa safi, na hapo ndipo krosova mbovu inapoharibu.

Waya wa dola 1,200 uache dukani. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita 3, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.04. Hata kwa spika hii ya omu 2.6 hasara ni kama desibeli 0.14, ambayo hakuna sikio litakalolalamika. Nunua Darajani, chagua ule laini wenye nyuzi nyingi, hakikisha ni shaba kamili na si alumini iliyopakwa shaba, na safisha ncha zake kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu hewa yetu ya chumvi huzila. Na zile saa 400: mpira unaoshika koni hulegea kidogo katika muda mfupi wa mwanzo, kisha basi. Kinachobadilika kwa saa 400 ni sikio kuzoea, na wakati huo huo siku za kurudisha bidhaa zinakwisha.

Nije kwenye chumba, ambacho hakuna muuzaji atakayekuzungumzia. Nimepima sauti katika nyumba kadhaa za Mji Mkongwe, na zina tabia moja. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Kuta ni mawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Nyumba ya mbao na bodi za jasi ya Marekani humeza sehemu ya besi na nyingine huipitisha nje. Ukuta wako hauachii kitu, besi yote inarudi ndani.

Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya kila kipimo, utapata masafa ambayo chumba hujizalishia mawimbi yaliyosimama, yaani mvumo wake chenyewe. Upana wa mita 3 ni hezi 58. Dari ya mita 4 ni hezi 43.5. Urefu wa mita 8 ni hezi 21.75, na wimbi lake la pili ni 43.5. Umeona? Dari na urefu vimekutana pale pale. Waya wa chini kabisa wa besi la taarab, lile kubwa la kusimama, uko hezi 41, karibu mlango kwa mlango na 43.5. Kila mpigaji wa besi atakapogusa sauti za chini kabisa, chumba chako kitavuma, noti itachelewa kufa, na itafunika maneno ya shairi. Ukileta spika inayoshuka kweli mpaka 20 kwa nguvu, umelipa dola 9,000 kuongeza tatizo. Spika ndogo inayoanza kupungua kwenye 60 au 50 itasaidiwa na kuta zako na kutoa besi ya kutosha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hamisha kiti. Kaa katikati ya upana, na mita 2 kutoka ukuta wa nyuma. Katika robo hiyo ya urefu lile wimbi la pili la 43.5 limetulia, na katikati ya upana lile la 58 nalo limetulia. Lile la dari litabaki kwa kiasi. Spika ziweke mbali na pembe za chumba. Mazulia mazito, mapazia ya kitambaa kinene, na hiyo maktaba ya mwalimu ikipangwa ukuta wa pembeni vitatuliza mwangwi wa sauti ya kati na nyembamba, na kisomo kitasikika herufi kwa herufi. Besi hazitaisikia zulia. Zinahitaji kitu kinene sana, au kifaa cha kidijitali cha kusawazisha kinachopunguza desibeli chache pale kwenye 43.5. Maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 ni karibu dola 100, na programu ya REW ni ya bure. Kijana wako akija likizo anaweza kujifunza mchana mmoja.

Ushauri wangu wa pesa ni huu. Tafuta jozi ya spika za rafuni kati ya dola 1,200 na 2,000 ambazo grafu zake zimechapishwa, na kiwango chake cha chini cha omu kinaendana na amplifaya yako. Chagua zenye mpira kwenye ukingo wa koni, kwa sababu sponji huoza kwa unyevu wa huku. Ongeza maikrofoni, stendi nzito, zulia na mapazia. Utakuwa umetumia chini ya theluthi ya pesa uliyotaka kutoa, na kwa chumba hicho naamini kabisa utasikia taarab safi zaidi.

Kama moyo bado uko kwa zile za Maskati, kijana asizisikilize kwa muziki wa dukani. Abebe rekodi yako ya taarab, yenye mwimbaji, fidla, kanuni na besi, na kipande cha kisomo. Aombe spika ya bei ndogo iwekwe pembeni, zilingane ukubwa wa sauti kwa programu ya simu inayopima desibeli, maana ile inayolia hata desibeli moja zaidi itaonekana bora. Asikilize spika moja moja, si jozi, kasoro husikika upesi zaidi hivyo. Mwenzake abadilishe waya huku yeye amegeuka. Muuzaji akikataa haya kwa pesa hizo, aondoke.

Na amwandikie muuzaji maswali matatu: grafu ya masafa ya mbele na pembeni iko wapi, hezi 20 ni kwa kushuka desibeli ngapi, na twita ni almasi kamili au utando. Majibu yakija, nitumie tuyasome pamoja. Swali la nne aliulize kabla ya kulipa hata amana: dhamana ya Omani inafanya kazi Zanzibar, au twita ikivunjwa na kidole cha mjukuu spika nzima itabidi irudi Maskati kwa gharama yako? Jibu alipate kwa maandishi.